Maji ya Zamzam na Blanketi la Chui

Ndugu yangu Yaseen hana jini. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo mlilokuja kulitafuta. Hana jini la ziwani, hana jini la milimani, hana la kurithi wala la kukodi. Hakuzungumza kwa sauti ya mwanamke. Kitanda chake hospitalini hakikunyanyuka kutoka sakafuni, ingawa nasikia huko avenyu ya saba kimeshapanda hadi usawa wa dirisha, na kwa mwendo huo kufikia Ramadhani kitakuwa juu ya mnara wa msikiti. Alichofanya ndugu yangu ni kutetemeka baada ya kupasuliwa. Watu hutetemeka baada ya kupasuliwa huko Ulaya, Kigali na Muscat, na hakuna anayewaitia sheikh. Lakini yeye alitetemeka mbele ya watu wa mtaa wetu wa Buyenzi, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Yaseen amenifuata kuzaliwa. Nilimbeba mgongoni nyuma ya duka la baba yetu, duka lile lile la vipuri ambamo yeye anakaa mpaka leo. Sote wawili tulipelekwa shule. Mimi niliendelea hadi chuo kikuu, nikafundisha biolojia kwenye lise, shule ya sekondari, miaka ishirini na sita. Yeye alirudi mwenyewe kwa miguu siku ya tatu, akakaa chini ya meza ya baba na kuanza kupanga skrubu. Sasa ana miaka hamsini na minane. Ukimfumba macho ukamtia beringi mkononi, atakwambia ni ya gurudumu gani, na kwamba aliyekuuzia amekudanganya. Hajawahi kuvaa sweta. Kabla ya mwaka huu hakuwahi kulala hospitalini, na alikuwa akilisema hilo kama watu wengine wanavyosema wamehiji mara mbili.

Jambo moja zaidi kuhusu kazi yake, kwani litakuja kuhitajika. Ndani ya injini kuna kidude kidogo kinachoitwa termosta. Injini ikiwa baridi, kidude kile hufunga njia ya maji mpaka ipate moto. Ikipata moto, hufungua. Kwa miaka thelathini Yaseen amewaambia wenye magari neno moja: "Toa termosta. Hiyo ni ya Wazungu, wao wana theluji. Bujumbura ya nini?" Nusu ya magari ya mji huu yanatembea bila termosta kwa fatwa ya ndugu yangu.

Ugonjwa wake ulikuwa ngiri. Aliupata kwa kunyanyua giaboksi peke yake ili kuwaonyesha vijana, na vijana, nadhani, hawakuwa wakitazama. Akauficha chini ya kanzu miaka miwili. Alipoanza kutembea na mkono mfukoni kama waziri, tulidhani ni maringo ya uzee. Aliyegundua ni Nura, bintiye wa pekee, ambaye tangu mama yake afariki anamfulia nguo: mfuko wa kushoto wa kila kanzu ulikuwa umetoboka.

Daktari alisema apasuliwe. Yeye akasema baada ya nikahi ya Nura, iliyokuwa imebaki wiki tano. Nura akamuuliza, mbele yangu, "Baba, utasimama mlangoni saa nne nzima unapokea wageni, mkono mmoja unawapa, wa pili umeshika tumbo?"

Akakubali siku hiyo hiyo. Sisi ni familia yenye jina.

Hospitali sitaitaja, kwa kuwa haikufanya kosa lolote, na mjini kwetu ukiitaja hospitali watu hudhani unaishtaki. Huko tulimkuta muuguzi anaitwa Adélaïde, mtoto wa mtaa wa Mutakura, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyelea wadogo saba. Siku moja kabla ya upasuaji alitupa orodha ya vitu vya kuleta, kama wanavyopewa wote wanaomlinda mgonjwa: mablanketi mawili mazito, soksi, na termosi ya chai.

Nikacheka. "Adélaïde, binti yangu, ni mwezi wa pili. Tuko Bujumbura."

"Madamu, mu bloku si Bujumbura," akasema. Bloku ndiyo chumba cha upasuaji. "Mule daktari anavaa nguo mbili na barakoa, anatoka jasho, anafungua klima, ile mashini ya baridi, mupaka mwisho. Mugonjwa yeye amevaa nini? Bure. Mulete mablanketi."

Nyumbani tulikuwa na blanketi zito moja. Baba yetu alilinunua kwa ajili ya safari zake za Mwaro, kule ambako asubuhi vidole vinakataa kufunga kifungo. Ni la kahawia na lina picha ya chui, na chui mwenyewe jicho moja limeshafutika. Nililitoa kabatini, nikalitazama, naye akanitazama kwa lile moja lililobaki. Nikamrudisha. Badala yake nikachukua mashuka yangu meupe ya Muscat, yaliyotariziwa pembeni kwa uzi wa kijani, nikayapiga pasi.

"Shangazi," Nura akasema, "wamesema blanketi."

"Wamesema. Na kesho mama mkwe wako atakuja kumwona mgonjwa. Unataka amkute baba yako amelala chini ya chui chongo?"

Nura hana tabia ya kubishana na mimi. Akaenda kufunga kikapu: biskuti, tende, na chupa ya maji ya Zamzam tuliyoletewa na binamu yetu kutoka hija, ikiwa imezungushiwa barafu na kitambaa, ili baba yake akitoka apate kinywaji baridi. Joto la siku ile lilikuwa la kuyeyusha lami.

Sasa, kwetu mgonjwa hasubiriwi apone ndipo aangaliwe. Kumwangalia ni wajibu, na katika wajibu huu watu wa Buyenzi hawana uvivu wanaouonyesha katika mingine. Yaseen alikuwa bado yuko mezani, tumbo wazi, na kando ya kitanda chake kitupu walikuwa wameshakaa wanawake sita. Kiti cha kichwani alikikalia Bi Assia, mama yake Karimu, mchumba wa Nura. Ni mwanamke mpole, anasema polepole, na kila neno lake lina ncha. Karibu naye alikuwa Bi Miza, jirani yangu, ambaye hajawahi kukosa jibu la swali lolote, hata kabla halijaulizwa. Wakayasifu mashuka yangu. Nilifurahi, sikatai.

Saa tano hivi mlango ukafunguliwa, wakamwingiza Yaseen juu ya kitanda cha magurudumu. Alikuwa macho, kwa sababu walimchoma ile sindano ya mgongoni inayolaza nusu ya chini ya mtu. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Meno yalikuwa yanagongana kama cherehani. Mabega, mikono, kidevu, vyote vilikuwa vinaruka, hata vyuma vya kitanda vikawa vinalia. Miguu lakini ilikuwa imetulia kimya, kama ya mtu mwingine.

"Da-da-dada," akaniambia. "Ba-ba-baridi."

Aliliweka wazi kabisa. Hakuna mgonjwa aliyewahi kueleza ugonjwa wake kwa neno fupi zaidi. Na kati ya wanawake wanane tuliokuwa pale, hakuna aliyelisikia.

"Baridi?" akasema Bi Miza, akijipepea kwa ncha ya mtandio. "Mi natoka jasho mupaka kwenye viatu, yeye anasema baridi? Uyu si Yaseen anasema."

"Miza!" nikamkemea.

"Tazameni miguu basi! Juu anatetemeka, chini amekufa. Kimemupanda, kimefika kiunoni, kimesimama."

Bi Assia akasema, "Subhanallah." Kisha akasogeza kiti chake nyuma. Alikisogeza kidogo, upana wa kiganja, lakini mimi niliuona umbali ule kuwa mrefu kuliko kutoka pale hadi Ruziba, mwisho wa mji. Wanawake wawili wakaanza kusoma Ayatul Kursi, kila mmoja kwa mwendo wake. Lile shuka la Muscat likafunuliwa ili kisomo kimfikie vizuri. Halafu chupa ya Zamzam ikafunguliwa, na maji yakamwagwa juu ya kifua cha mgonjwa, si matone, bali ya kutosha kutawadha.

Ndugu yangu akapiga ukelele wa "Yarabi!" ambao, naamini, ulisikika hadi kwa mlinzi wa lango. Mwili ukaruka kuanzia kiunoni kwenda juu. Miguu haikushughulika.

"Kimeguswa!" Bi Miza akasema, kwa furaha ambayo hakuifanyia juhudi ya kuificha. "Kama si jini, mbona kinaogopa Zamzam?"

Adélaïde aliingia mbio. Akamtazama mgonjwa, akalitazama shuka lililolowa, akatutazama sisi.

"Ni nani amemumwagia maji?"

Watu wote wakatazama dari, ambayo haikuwa na lolote la kuonyesha.

"Mutu anatetemeka na baridi, munamuogesha? Yo! Na mablanketi niliyosema iko wapi? Hii shuka ni ya mugonjwa ao ni ya bibi harusi? Tokeni. Wote. Apana, we mama wa kisomo, utasomea kule nje, Mungu anasikia na kule."

Kwenye kitanda cha pili alikuwepo mwanamke mmoja wa Ruziba, Jovithe, mkulima, akimlinda mumewe. Yeye alikuwa ameleta kile kilichoandikwa kwenye orodha: mablanketi mawili, mazito, yanayonuka moshi. Bila kuombwa alinyanyuka, akamvua mumewe moja, akamfunika ndugu yangu mpaka shingoni. Adélaïde akamkausha, akamvika soksi, akamfunga kichwa kwa kitambaa. Akampima joto: nyuzi thelathini na tano na kidogo, wakati ya mtu mzima ni thelathini na saba. Akaenda kumwita daktari, akarudi na dawa, akaipitisha kwenye mshipa polepole. Nusu saa baadaye Yaseen alikuwa ametulia chini ya moshi wa Ruziba, ameshika mkono wa binti yake.

Adélaïde akatueleza, sisi watatu tu, wengine wakiwa wameshafika Buyenzi na habari zao.

"Mwili unajua kulinda moto yake, mzee. Ikisikia baridi, inafunga mishipa ya ngozi, moto inabaki ndani. Ile sindano ya mugongo inafungua mishipa yote ya chini. Moto inateremuka kwa miguu, inatokea kwa ngozi, inapotea, na mwili haijui kama inapotea. Kisha inashituka. Inatetemeka ili itengeneze ingine. Miguu yenyewe haiwezi kutetemeka, sababu ingali imelala. Wagonjwa wengi wanafanya hivyo. Si ajabu."

Yaseen akafikiri. "Yaani mumenitoa termosta."

"Nini?"

"Termosta, binti yangu! Gari likitoka bila termosta, linatembea baridi, linakohoa, halipati moto." Akaanza kucheka, akalishika tumbo, akaacha kwa sababu ya nyuzi. "Miaka thelathini nawatolea watu. Leo nimejua gari linasikia nini."

Mambo yangeishia hapo kama ulimwengu ungekuwa na wauguzi wengi na akina Miza wachache. Lakini jioni ile duka la mkate lilikuwa linajua. Kesho yake magereji yote yalikuwa yanajua, na fundi mmoja alimuuliza Yaseen kwa simu, kwa heshima, kama jini lenyewe ni Mwislamu. Siku ya nne likaja neno kutoka kwa Bi Assia: wameamua kuswali istikhara kuhusu ndoa. Istikhara! Mahari yameshapokelewa, kadi zimeshachapwa, mpishi ameshaagizwa mchele, ndipo wanamkumbuka Mungu kumuuliza. Jini, walisema, hupita katika damu. Wangependa kujua wajukuu zao watakuwa nani.

Nura hakulia mbele yetu. Alimpikia baba yake uji, akafua, akapanga kadi za harusi ndani ya sanduku la viatu na kulisukuma chini ya kitanda. Alipoacha kula, nilituma neno kwa watu wa Karimu waje kuzungumza.

Walikuja Ijumaa baada ya swala: Bi Assia na mumewe Tamim, mwenye basi dogo la abiria, mtu wa maneno machache. Yaseen alikaa kwa kuegemea mito. Nura alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, na kivuli cha miguu yake kilionekana chini ya pazia.

Nikawaeleza. Niliwaeleza kwa dakika ishirini, kama nilivyowaeleza wanafunzi ambao leo ni madaktari: mishipa, ngozi, ubongo, sindano. Tamim alikuwa anatikisa kichwa kwa adabu ya mtu anayesubiri chai. Bi Assia akanisikiliza hadi mwisho.

"Madamu Laila," akasema, "elimu yako tunaiheshimu. Mimi sikusoma. Lakini kutetemeka sikukuuliza. Mgonjwa anaweza kutetemeka. Nauliza ule ukelele. Maji ya Zamzam yalimgusa, akalia. Maji matukufu yanamchoma nani?"

"Yalikuwa ya baridi," Yaseen akasema.

"Mimi nilikuwepo, Bwana Yaseen. Sikuona barafu. Niliona chupa."

Kweli hakuiona. Kikapu kilikuwa nyuma ya miguu yangu.

"Basi tumwite aliyemwaga," Tamim akasema. "Atuambie yalikuwa baridi ao apana. Ni nani alikumwagia, ndugu yangu?"

Bi Assia akainamisha uso. Yeye alijua ni nani. Alikuwa akingoja kuona kama sisi tutasema. Yaseen alitazama dari. "Sikumbuki," akasema. "Nilikuwa nimefumba macho."

Alikuwa ameyafumbua. Alikuwa ananitazama usoni. Na nyuma ya pazia alikuwepo mtoto aliyeifunga ile barafu kwa mikono yake mwenyewe, aliyeweza kutoka na kusema neno moja akaokoa ndoa yake, na miguu ile chini ya pazia haikusogea. Wote wawili walikuwa wameamua, bila kuniuliza, kwamba heshima ya Shangazi ni ghali kuliko harusi. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo. Nilifundisha vizuri mno.

"Nilimmwagia mimi," nikasema.

Tamim akaacha kutikisa kichwa.

"Chupa ilikuwa ndani ya barafu tangu alfajiri. Nilimwaga nusu yake juu ya mtu ambaye alikuwa ameniambia kwa mdomo wake kwamba anasikia baridi. Na blanketi tuliloagizwa nililiacha nyumbani, nikaleta mashuka, kwa sababu blanketi lina chui."

"Chui?" akauliza Tamim.

"Chui. Tena chongo."

Hakuna aliyecheka. Bi Assia akaligeukia pazia, akasema, polepole kama kawaida yake, "Nura, mwanangu. Una maji ndani ya friji?"

Nura akatoka na jagi. Bi Assia akamimina glasi moja, akainuka kama mtu anayetaka kwenda kufunga dirisha, akapita nyuma ya mumewe, na akaimwaga yote ndani ya ukosi wa kanzu yake.

"Yarabi!" Tamim akaruka, kofia ikaanguka. "Assia! Una wazimu?"

"Sauti ni ile ile," Bi Assia akatuambia, akirudi kukaa. "Nimeisikiliza vizuri. Kama Bwana Yaseen ana jini, basi na mimi nimelala nalo miaka thelathini na moja. Nura, mletee baba mkwe wako taulo."

Hapo ndipo Yaseen alipocheka, akalishika tumbo, akalia kwa maumivu, akacheka tena. Tamim, akijifuta shingo, akataka kujua hii habari ya termosta aliyoisikia magereji ni nini hasa, kwani basi lake, ambalo Yaseen mwenyewe alishauri litolewe kile kidude, kila asubuhi linakohoa mpaka lifike sokoni. Wakazungumza injini hadi alasiri. Hakuna aliyetaja istikhara tena, na mimi sikuuliza jibu lake lilikuwa nini.

Nikahi ilifungwa siku ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Yaseen alisimama mlangoni saa nne nzima, akapokea wageni kwa mikono yote miwili. Adélaïde alikuja, na Jovithe na mumewe walikuja, na blanketi lao nililirudisha limefuliwa na kupigwa pasi, ingawa blanketi halipigwi pasi. Ndani ya sanduku lililotoka kwa akina Karimu, chini ya vitenge na manukato, mlikuwa na zawadi imeandikwa jina langu: blanketi jipya, zito, na chui juu yake ana macho mawili. Bi Assia ana ucheshi, tena wa kungoja.

Basi hiyo ndiyo habari yote, na anayetaka kitanda kinachopaa aende kwa Bi Miza. Najua mmebaki na swali moja, kwa sababu nimeshaulizwa msikitini, sokoni na kwenye msiba wa watu: mwalimu wa biolojia, miaka ishirini na sita ubaoni, aliyewachorea watoto wa watu ngozi na mishipa yake kwa chaki ya rangi, alikuwa anafikiri nini alipoifungua ile chupa? Aliamini kidogo? Aliogopa kile kiti kilichorudi nyuma?

Hilo halimhusu mtu. Sisemi.